Jeton za Papa Léonard

Makomeno, Lubumbashi
4 Machi 2025

Yaya Aristote,

Usishtuke, kaka yangu, kuona karatasi. Siku hizi simu yangu inashinda na Papa wetu. Anatazama picha za watoto wako, anasikiliza sauti unazotuma, anazirudia, na kila ninachokuandikia anakisoma kabla yako. Kwa hiyo nimemwomba Paluku, yule mpwa wa Papa Nzanzu anayekuja huko Guangzhou kununua vitu vya duka, akubebee barua hii.

Nina ombi dogo. Mchezo wao wa Jumapili bado upo. Baada ya misa anakuja Papa Stanislas, na yeye na Papa wanazungumza juu ya treni kama vile zinawasubiri kituoni hadi leo. Doudou jirani, yule anayetengeneza frigo, anakuja na kiti chake mwenyewe. Halafu Papa Nzanzu, na sheria yake ya kanisa lao: pesa hazikai mezani. Basi wanacheza poka bila pesa na anayeshindwa anaosha vyombo. Mwaka huu Papa Nzanzu ameosha masufuria yangu zaidi ya nilivyoyaosha mimi.

Shida ni jeton, vile visahani vya kuhesabia dau. Zile Papa alizopewa alipostaafu reli zimevunjika, zimebaki chache, na pengo wanaliziba kwa vifuniko vya chupa. Nataka kumpa seti mpya. Ziwe za udongo, maana za plastiki hazitaki, anasema zinalia kama vijiko. Ila tafadhali, yaya, chagua nyepesi. Nyepesi kuliko zote utakazoziona dukani. Meza yetu imelegea miguu, vitu vizito vinaitikisa.

Mvua bado inapiga. Mume wangu yuko mgodini Kinsevere kazini, anarudi mwisho wa mwezi. Tuko wazima.

Mdogo wako,
Wivine

* * *

Guangzhou
19 Machi 2025

Wivine mdogo wangu,

Nimecheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Yaani nichague jeton mbaya kwa sababu meza ina miguu dhaifu? Mwambie Doudou apige misumari!

Nimekwenda dukani. Kuna aina mbili za udongo. Ya kwanza ni udongo mtupu ulioshindiliwa. Ukiiweka kiganjani unaona kama umeshika biskuti kavu, na ukiigonga na mwenzake inatoa mlio mdogo, mzito wa usingizi. Ya pili ina kisahani cha chuma ndani na udongo umevalishwa juu. Hiyo, mdogo wangu, ndiyo jeton. Inajaa mkono. Mtu akisukuma rundo lake katikati ya meza, wote wanajua amesema neno.

Na unanunulia nani? Papa! Mtu aliyekuwa akikuinua wewe kwa mkono huu na mimi kwa mkono ule, akitupitisha uani mpaka Mama, Mungu amrehemu, anapiga kelele. Mtu huyo nimpe biskuti? Kama unaogopa bei, acha, hiyo ni kazi yangu. Nachukua nzito.

Jambo moja. Kwenye sauti ya mwisho Papa alikuwa anazungumza kama mtu mwenye tonge la bukari moto mdomoni. Mwambie amalize kula kwanza, ndipo ashike simu.

Yaya wako,
Aristote

* * *

Makomeno
30 Machi 2025

Aristote mutoto yangu,

Nakuandikia hii barua na usimuambie dada yako. Paluku njo atakuletea. Nasikia Wivine alikulomba jeton. Ni Nzanzu aliniambia, yeye hawezi kuchunga siri, ata siri ya zawadi.

Mi nataka ya kizito. Usitume ya mwepesi. Mi nilitumika kazi na chuma maisha yangu yote, mukono yangu inajua chuma. Unipatie kintu ya mwepesi mbele ya Stanislas? Hapana.

Usiniulize mingi. Ya kizito, basi.

Niko muzima. Kama naandika mubaya, ni juu ya baridi, mukono inakauka.

Papa yako,
Léonard

* * *

Guangzhou
14 Aprili 2025

Wivine,

Paluku amenipa barua ya Papa. Aliniomba nisikuambie, lakini siwezi kunyamaza.

Unamjua Papa na mwandiko wake. Alipokuwa fundi wa injini aliandika ripoti ambazo wakubwa walizibandika ukutani ili wengine waone. Herufi zake zilisimama zikiwa zimefungana kama mabehewa. Barua hii imeandikwa kama ndani ya gari linalopita mashimoni. Mistari inaanza juu na kuangukia pembeni. Kuna neno ameliandika, kalamu ikaponyoka, akaanza tena chini yake. Anasema ni baridi. Mwezi wa tatu, Lubumbashi, baridi gani?

Wewe unataka nyepesi, yeye anataka nzito. Wewe unasema ni meza, yeye anasema ni baridi. Sina meza wala baridi mbele yangu, nina karatasi hii tu, na tangu jana naigeuzageuza. Niambie ukweli. Mimi ni mtoto wake pia.

Aristote

* * *

Makomeno, Lubumbashi
27 Aprili 2025

Yaya,

Meza ni nzima. Nisamehe.

Ilianza na kifungo cha shati, mwaka jana, siku ya ubatizo wa mtoto wa Doudou. Papa alikaa chumbani muda mrefu, nikagonga, akafungua kifua wazi, akasema, "Hii shati balishona mubaya." Halafu kijiko. Halafu ufunguo. Tukaenda hospitali, wakampima damu, wakampima mgongo, wakamchoma visindano mikononi vyenye umeme. Daktari alikuwa kijana mpole. Alinitoa hadi kwenye korido, akasema, "Mama, mishipa inayoamuru misuli ndiyo inakufa. Imeanza mikononi, sasa inaingia kwenye ulimi. Akili itabaki. Masikio yatabaki."

Nikamuuliza, "Na dawa?"

Akasema, "Hakuna."

Papa alisikia yote, mlango haukuwa umefungwa vizuri. Ndani ya teksi alinishika mkono, kwa ule mkono wake usiokaza, akaniapisha nisikuambie. "Karatasi yake ya kukaa kule haiyatoka. Kama anatoka kule leo, hatarudia tena. Bibi yake na batoto beko kule. Unataka avunje nyumba juu ya mukono yangu?" Nikaapa. Leo nimevunja kiapo, na nimeandika haya jikoni huku yeye anakoroma chumba cha pili.

Sasa sikiliza kuhusu jeton. Zile za zamani ni nzito, zina chuma kama unavyosema. Jumapili anazisukuma kwa upande wa kiganja. Hawezi kuzishika. Anajifanya anafikiri sana, anakunja uso, wenzake wanadhani anapanga ujanja wa karata, kumbe anangoja mkono umtii. Mimi niko mlangoni na sahani, namwona. Siwezi kumsaidia mbele yao, ataona haya, na siwezi kuondoka.

Daktari hana la kunipa. Kanisani wanasali. Kitu kimoja tu ninachoweza kukipunguza ni uzito wa kile anachokishika. Ndiyo maana nakuomba nyepesi. Usimsikilize Papa. Nisikilize mimi, niko naye.

Wivine

* * *

Guangzhou
12 Mei 2025

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako dukani kwa watu, nimesimama. Muuzaji alinivutia kiti bila kuuliza.

Nami nitakuambia yangu. Pasipoti yangu iko ofisi ya uhamiaji tangu Februari. Nikiidai ili nisafiri, ombi langu la kibali cha kuishi huku linafutwa, na kibali cha mke wangu na watoto kimefungwa kwenye changu. Nimekwenda tena Ijumaa. Mama wa dirishani alisema neno moja, "Subiri." Nikamwonyesha picha ya Papa. Akaitazama vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema tena, "Subiri."

Kwa hiyo nimerudi dukani, kwa sababu ndiko ninakoweza kufanya kitu. Nilikaa na jeton mbili mezani, nyepesi na nzito. Nilijaribu kuziinua kwa vidole viwili vya mwisho tu, vile vidogo, bila kukaza, nione Papa anahisi nini. Nzito ilinishinda. Nyepesi ilipanda. Inashangaza, lakini nilifurahi kama mtu aliyepona.

Nimechukua nyepesi, rangi zote, ndani ya sanduku la mbao. Paluku anaondoka Alhamisi. Nimemwandikia Papa pia, ataipata pamoja na mzigo. Nimemdanganya. Usiniumbue.

Aristote

* * *

Guangzhou
12 Mei 2025

Papa mpenzi,

Nakusalimu sana. Nimezunguka maduka yote, zile nzito zimekwisha. Na wanaojua mchezo huku wameniambia zile za chuma ni za kudanganya wageni, udongo wa kweli ni huu mwepesi. Sikutaka kukutumia chuma kilichovalishwa udongo. Zicheze kwa furaha, na usimwonee huruma Papa Stanislas.

Watoto wanakubusu. Mdogo anauliza kama kweli uliendesha treni ukiwa peke yako mbele.

Mwanao,
Aristote

* * *

Makomeno, Lubumbashi
9 Juni 2025

Yaya Aristote,

Nilikwenda mwenyewe uwanja wa ndege wa Luano kupokea mzigo. Paluku alitoka na sanduku kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

Papa alisoma barua yako, akaikunja. Akafungua sanduku. Akaingiza vidole na kutoa jeton moja nyekundu, akaiinua, yaya, mpaka usawa wa macho. Vidole viwili! Nilikimbilia jikoni nikalia ndani ya kanga. Nikasema moyoni, tumeshinda hata kama ni mara hii tu.

Jana walicheza. Wenzake walizisifu. Papa Nzanzu alisema zinafaa watu wa amani. Papa alicheza vizuri, aliinua, aliweka, mara ya kwanza, mara ya pili, na mimi mlangoni nilikuwa nacheka peke yangu. Halafu ikawa zamu yake tena. Akashika moja, na vidole vikafunguka vyenyewe. Ikaanguka sakafuni, ikabiringika mpaka chini ya kabati. Papa Stanislas akaangua kicheko: "Léonard! Ata kale kabiskuti kanakushinda?"

Hakuwa na ubaya. Hajui. Hakuna anayejua isipokuwa mimi na wewe, na nadhani Doudou anahisi. Lakini Papa hakucheka. Aliweka karata zake kifudifudi, akasema, "Nachoka." Wakaondoka mapema. Hakuna aliyeosha vyombo.

Tangu hapo hataki kukaa mezani hata kwa chakula. Amegeukia ukuta. Nikimuuliza, "Papa, si uliziinua vizuri?" anafumba macho. Sielewi. Zilipanda, yaya. Uliona mwenyewe zinapanda. Tumekosea wapi?

Wivine

* * *

Makomeno
22 Juni 2025

Aristote mutoto yangu,

Hii si mwandiko yangu, ni ya Doudou. Mi nasema, yeye anaandika. Nasema polepole juu ulimi nayo inaanza kunikatala. Doudou anarudilia kila neno mbele ya kuandika, na kama amekosea natikisa kichwa.

Mi najua ulinidanganya. Ya kizito haikuisha. Muntu wa kuuza bintu kule Chine anasema kintu imekwisha? Dada yako alikulilia, nawe ulimusikia. Sina hasira. Muko batoto bazuri.

Ila sikia vile mi nilikuwa nawaza. Nilijua mukono itaanguka siku moja mbele yao. Siwezi kuikataza. Sasa, kama muntu anashindwa na kintu kizito, bantu banasema: eh, kile kintu kiko kizito. Kama anashindwa na kintu mwepesi, banasema: huyu muntu amekwisha. Mi nilitaka banione naanguka chini ya kizito. Ni ile tu. Nilitaka jeton ibebe aibu yangu kidogo.

Stanislas si mubaya. Alicheka vile tulikuwa tunachekaka zamani.

Usimugombeze Wivine. Usimuambie. Yeye anasimama ku mulango na sahani, anafikiri simuone.

Usikuye huku. Ngojea karatasi yako.

Papa yako,
Léonard

(Mimi Doudou naongeza: Yaya Aristote, hii alama ya kidole gumba pembeni ni ya Papa. Alitaka kuweka sahihi, kalamu ikakataa, tukatumia wino.)

* * *

Guangzhou
8 Julai 2025

Wivine,

Nakutumia barua ya Papa ndani ya hii. Alisema nisikuambie. Sote katika familia hii tunaapishana na hakuna kiapo kinachodumu. Isome ukiwa umekaa.

Usijilaumu. Ulitaka aweze kuinua. Mimi nilitaka hivyo hivyo. Hakuna kati yetu aliyemuuliza kwa nini. Yeye mwenyewe aliandika nisiulize, nami nikashika neno hilo tu nikaacha lile aliloomba.

Nimerudi dukani kuchukua nzito. Zilikuwepo kwenye rafu ile ile. Paluku hasafiri mpaka mwisho wa mwezi, nimetafuta mtu mwingine, sijapata. Ofisini bado wanasema nisubiri. Nimeanza kuchukia vile wanavyolisema kwa adabu.

Msomee Papa sehemu hii: Papa, zinakuja. Za chuma.

Aristote

* * *

Makomeno, Lubumbashi
12 Agosti 2025

Yaya Aristote,

Zilifika. Nilimwekea sanduku juu ya blanketi, nikalifungua. Nikachukua moja, nikaitia kiganjani mwake, nikamfunga vidole kimoja kimoja. Akahisi uzito wake. Akanitazama, akafumba macho na kuyafumbua, ndivyo anavyosema ndiyo siku hizi. Maneno yamebaki machache na anayatunza. Nilipoachia vidole, jeton ilibaki pale pale kwa sababu mkono wenyewe ulikuwa umelala kitandani. Hauinuki tena, yaya. Wala huu, wala ule. Kati ya barua yako na mzigo wako yote miwili ilikwisha.

Nilidhani nizifiche. Lakini Jumapili walikuja, wote watatu, bila kuitwa. Doudou alitangulia, akavuta meza mpaka kando ya kitanda, akagawa karata, za Papa nikashika mimi mbele ya macho yake. Nilikubali kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuwafukuza.

Doudou akaanza. Akachukua jeton moja, akaiinua, ikamponyoka, ikapiga sakafu kwa kishindo. "Eh," akasema, "hii iko kizito sana." Akaiokota, akaiinua, ikaanguka tena. Nikamtazama nikidhani amekunywa. Kisha Papa Nzanzu naye akachukua ya kwake. Unayajua mabega yake, miaka mingi alibeba mifuko ya saruji na chumvi kabla ya kupata malori. Ikamwanguka. Akatikisa kichwa: "Kweli inashinda. Aristote alituma nini, mawe?" Ndipo nikaelewa. Doudou ndiye aliyeandika ile barua, na alikuwa amewaambia yaliyomo.

Papa Stanislas alikuwa wa mwisho. Alikumbatia rundo lake lote, akalisukuma, likamwagika ukingoni mwa meza, chumba kizima kikajaa mlio wa chuma. Akasema, "Léonard, ndugu yangu, inanishinda."

Papa aliwatazama mmoja mmoja. Midomo ikahangaika. Tukainama wote kusikia. Akasema, "Baongo." Akapumzika. "Baongo bote."

Akaanza kucheka. Yaya, sijamwona akicheka hivyo tangu Mama alipokuwa hai, mabega hayaendi lakini uso wote unakwenda, na wao wakacheka naye, na Papa Stanislas machozi yanamwagika ndani ya kicheko. Halafu kicheko kikamkaba. Hakuweza kukimaliza wala kukitoa. Alibadilika rangi. Tulimkalisha, Doudou akampiga mgongoni, mimi nilikuwa naita jina lake tu, kana kwamba nikiliita vizuri litafungua koo. Mwishowe pumzi ikarudi, nyembamba. Papa Nzanzu akasali kwa sauti, na Papa Stanislas, Mkatoliki yule, akaitikia kila neno.

Daktari alikuja jana. Sasa ni kifua, amesema. Nikamuuliza ni siku au miezi. Alinijibu vizuri, kwa upole, na nilipomsindikiza mpaka barabarani sikuweza kukumbuka alisema nini.

Usije bila karatasi. Ni neno lake, si langu. Neno langu siliandiki, maana ungeacha kila kitu huko ukaja, na sitaki kulibeba hilo pia.

Papa Nzanzu amepita asubuhi hii kuuliza kama Jumapili waje. Nimemwambia waje. Hakuniuliza kama ni kwa ajili ya mchezo au ya kuaga, na mimi sikumwambia.

Mdogo wako,
Wivine